Ufunguo Ukae Mfukoni Mwako

Umeme ukikatika katikati ya zamu, wengi hukaa chini na kutoa simu. Lakini wapo wachapakazi wanaoona hiyo ndiyo nafasi yao. Kinu kimesimama, unga umeganda kwenye chekeche, belti inalegea tangu juzi. Basi mtu anafungua kifuniko na kuingiza mkono asafishe kabla umeme haujarudi. Swichi kuu hajaishusha na hajamwambia mtu. Ameweka vidole vyake rehani kwa mhudumu wa shirika la umeme asiyemjua, na hana namna ya kumwomba asubiri kidogo.

Mara nyingi anapona, na ndiyo maana anarudia. Mota yenye stata nzima ya kontakta haijiwashi umeme ukirudi, husubiri mtu abonyeze kitufe cha kijani. Ila vinu vingi vya mtaani, vya kusaga na kukoboa, vimeungwa kwa swichi ya kupandisha na kushusha tu. Vingine vilikuwa na stata, ikaungua, fundi akairuka ili kazi isilale. Hapo umeme ukirudi, kinu kinaondoka nao. Kwenye viwanda vikubwa kuna jenereta zinazojiwasha zenyewe baada ya sekunde chache, na aliyelala chini ya mkanda wa kusafirishia mzigo hatapata hata nafasi ya kugeuka.

Kwa hiyo tuanze na kipimo kimoja, na kila ushauri unaofuata utoke humo: mashine imezimwa pale tu ambapo hakuna mtu mwingine wala kifaa kingine kinachoweza kuiwasha isipokuwa wewe unayeishughulikia. Hayo mengine yote, kuanzia umeme kukatika, kitufe chekundu kubonyezwa, hadi fomeni kusema "nimeshamwambia Juma asiguse", ni matumaini. Utaratibu wa kutimiza kipimo hicho viwandani wanauita LOTO: unaitenga mashine na kila chanzo cha nguvu, unafunga kwa kufuli, unatundika tagi, kisha unajaribu kuiwasha uhakikishe haiwaki. Marekani waliuandika kuwa kanuni ya taifa mwaka 1989, ukaanza kutumika Januari 1990. Kwetu, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007, na zote mbili zinamtwika mwajiri jukumu la kuhakikisha mtu hadhuriwi na mashine anayoihudumia. Lakini mkaguzi wa serikali hatakuwepo siku belti itakapokatika saa nane usiku.

Kazi ya kwanza haihitaji kufuli wala pesa. Inahitaji daftari na fundi umeme mwenye subira. Zungukeni mashine mkiuliza: nguvu inaingilia wapi? Watu wengi wakisikia swali hilo huonyesha waya wa umeme na kuishia hapo, na hapo ndipo kosa kubwa linapolala. Chukua mashine ya kufunga marobota ya katani au pamba. Ina umeme unaoendesha mota, mota inaendesha pampu ya haidroliki, mafuta yanasukuma bamba zito la chuma linalobana nyuzi. Shusha swichi kuu, umeme umeisha. Lakini mafuta ndani ya silinda bado yana presha. Bamba likiwa juu, linashikiliwa na mafuta hayo hayo, na siku mpira ukipasuka au valvu ikifunguliwa litashuka kwa uzito wake bila kuomba umeme. Bamba likiwa chini, robota lenyewe limebanwa kama springi na linasukuma kurudi juu. Mashine moja, vyanzo vinne, na swichi kuu imegusa kimoja tu.

Fanyeni hivyo kwa kila mashine. Kompresa ina tangi la hewa linalobaki limejaa hata mota ikilala siku nzima. Boila ina mvuke, na bomba la mvuke likitoka boila mbili, kufunga upande mmoja hakukusaidii kitu. Pampu ya maji yenye boya tangini hujiwasha maji yakishuka, haina habari kwamba mtu ameshika shafti yake. Feni kubwa huendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya kuzimwa, na upepo wa bomba jirani unaweza kuizungusha hata bila mota. Kisanduku cha draivu kinachobadilisha kasi ya mota kina kapasita ndani ambazo hubaki na chaji ya kuua hata baada ya umeme kukatwa. Soma kibandiko chake, mara nyingi kimeandika dakika za kusubiri kabla ya kufungua, na dakika hizo zimewekwa kwa sababu. Injini ya dizeli haina waya wa kukata, kwa hiyo funga mafuta, toa nyaya za betri, na kama ni ya kuwasha kwa mkono, ondoka na hendeli. Siku hizi ongeza sola. Paneli zikipigwa na jua hutoa umeme, uwe umezima swichi ya ndani au hujazima.

Mkishamaliza, andikeni ukurasa mmoja kwa kila mashine na kuubandika pale pale ilipo: vyanzo vyake ni hivi, swichi yake ipo hapa, koki yake ipo pale, presha inatolewa kwa valvu hii. Andikeni kwa Kiswahili. Nimeona karatasi nzuri za mtengenezaji, zenye rangi na michoro, zimefungwa kabatini kwa lugha ambayo nusu ya wafanya usafi wa usiku hawaijui.

Sasa kuzima kwenyewe. Zima kwanza kwa njia ya kawaida ili mashine isimame taratibu, ndipo ushushe aisoleta, yaani swichi inayoitenga mashine na umeme. Hapa niseme jambo kwa wanaopenda kile kitufe kikubwa chekundu cha dharura. Kitufe kile kinakata waya wa udhibiti tu. Nguvu kubwa bado imesimama kwenye kontakta inasubiri. Kontakta ikikwama, au mtu akikizungusha kitufe kukirudisha kwa sababu anadhani kilibonyezwa kwa bahati mbaya, mashine ipo tayari. Kitufe cha dharura ni cha dharura. Kazi ya kuingiza mwili ndani ya mashine inatakiwa ikate nguvu yenyewe, kwenye aisoleta au breka unayoweza kuiona na kuipiga kufuli.

Kufuli liwe la mtu, lisiwe la idara. Mtu mmoja, kufuli moja, ufunguo mmoja, na ufunguo ukae mfukoni mwake, usiachwe mezani kwa fomeni wala kutundikwa kwenye msumari ofisini. Mkiwa mafundi watano kwenye mashine moja, kuna kipande cha chuma chenye matundu sita hivi kiitwacho hespi: kinashika swichi, na kila mmoja anaweka kufuli lake kwenye tundu lake. Mashine haiwaki mpaka wa mwisho atoke na kufungua la kwake. Fomeni naye akiingia kutazama, hata kwa dakika moja, aweke la kwake. Asipoweka, vijana wote wameshaelewa kwamba kufuli ni la wadogo, na hakuna bango la usalama litakalofuta somo hilo.

Tagi nayo ina kazi yake, ila tusiitwike isiyoiweza. Kufuli linazuia, tagi inaeleza. Karatasi iliyofungwa kwa uzi kwenye swichi haimzuii mtu mwenye haraka, na uzi wenyewe hukatwa na panya. Kanuni ya Marekani inataka kifungio cha tagi kihimili nguvu ya pauni 50, yaani karibu kilo 23, kabla hakijaachia, na kisiwe cha kutumika mara ya pili. Ile mikanda ya nailoni ya kukaza nyaya inafaa. Juu ya tagi ziandikwe HATARI na USIWASHE, jina la mwenye kufuli, namba yake ya simu, tarehe na saa, na kazi inayofanyika. Weka na picha yake ya pasipoti. Mtu anaweza kulipuuza neno, lakini kuitazama sura ya jirani yako wa meza ya chai na bado ukapandisha swichi ni kazi nzito. Picha pia inamfikia asiyesoma.

Tagi iliyokosekana, au iliyopo mahali pasipoonekana, imewahi kuua watu wengi kwa usiku mmoja. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, nje ya pwani ya Scotland, mafundi wa zamu ya mchana walikuwa wameondoa valvu ya usalama ya pampu moja kati ya mbili ili ikapimwe. Mahali ilipotoka valvu waliweka kifuniko cha chuma, ambacho uchunguzi ulihitimisha hakikuwa kimekazwa kiasi cha kuzuia gesi. Saa za kazi zikaisha valvu haijarudishwa. Mbali na kibali cha kazi ya valvu, pampu hiyo hiyo ilikuwa na kibali kingine, cha matengenezo makubwa ambayo hayajaanza. Usiku pampu ya pili ikazima na kukataa kuwaka. Zamu ya usiku ikatazama karatasi, ikakiona kibali cha matengenezo, ikaona kazi haijaanza, ikaamua pampu ni nzima. Kibali cha valvu hawakukiona, na valvu yenyewe ilikuwa juu, mbali na macho ya aliyesimama kwenye pampu. Wakarudisha umeme, wakaiwasha. Saa nne usiku hivi mlipuko wa kwanza ukatokea, moto ukafuata, na watu 167 wakafa.

Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alitoa ripoti yake Novemba 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na makampuni ya mafuta duniani yakabadili namna ya kutoa vibali vya kazi. Mimi nikiisoma habari ile huona kwanza jambo dogo: mtu wa usiku aliamini karatasi ya ofisini kwa sababu hakuna kitu kilichomshika mkono pale kwenye pampu. Kwa hiyo makabidhiano ya zamu yafanyike mbele ya mashine, si ofisini. Anayetoka na anayeingia wasimame pamoja, waonyeshane kilichofunguliwa, na anayeingia aweke kufuli lake kabla anayetoka hajaondoa lake. Swichi isikae bila kufuli hata nusu dakika. Na kama mashine ina kazi mbili zenye vibali viwili, kila kibali kitaje kingine.

Wasimamizi wengi hudhani mambo haya ni ya mafundi peke yao. Oktoba 2012 huko California, kwenye kiwanda cha samaki wa makopo cha Bumble Bee, mfanyakazi wa kawaida aliingia ndani ya joko refu la mvuke la kupikia jodari. Wenzake walidhani ametoka, wakaingiza vitoroli vya samaki, wakafunga mlango na kuwasha. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 6 mwaka 2015. Mfanyakazi yule hakuwa fundi. Anayesafisha mashine ya kuchanganyia unga kwenye bekari, anayezibua mfereji wa kumiminia saruji, anayepaka rangi ndani ya tangi, anayeokota kipande cha ubao kilichokwama chini ya msumeno kwenye kiwanda cha mbao, wote wanahitaji kufuli. Ukihesabu wanaoingiza mikono ndani ya mashine kwa wiki, wasafishaji ni wengi kuliko mafundi, na ndio wasiopewa mafunzo.

Baada ya kufuli kuna hatua ambayo watu huiruka kwa sababu wanaona wameshamaliza: kutoa nguvu iliyobaki. Fungua hewa ya kompresa itoke mpaka geji isome sifuri, na valvu ya kutolea ibaki wazi wakati wote wa kazi. Rudisha silinda ya haidroliki mpaka mwisho wake, au weka nguzo ya chuma chini ya kile kinachoweza kuanguka. Usiamini jeki peke yake, jeki nayo ni mafuta. Legeza springi. Mvuke uache utoke na bomba lipoe. Ukihitaji kufungua bomba la mvuke au kemikali, koki moja iliyofungwa haitoshi, kwa kuwa koki za zamani huvujisha. Funga mbili na kuacha kitundu cha kutolea kati yake, au ingiza sahani ya chuma katikati ya flanji. Kwa kazi ya ndani ya tangi, mimi nisingeingia bila sahani hiyo.

Kisha jaribu. Hakikisha hakuna mtu karibu, bonyeza kitufe cha kuwashia kama unayetaka kazi ianze, usikie kimya, kisha urudishe swichi ya mashine kwenye kuzima. Hatua hii ya sekunde chache ndiyo inayogundua kwamba mmefunga breka ya mashine ya jirani, jambo linalotokea sana kwenye bodi za umeme ambazo alama zake zimefutika au zimeandikwa na fundi aliyehama miaka mingi iliyopita. Kwenye nyaya zenyewe, tumia mita na uianzie kwenye soketi unayojua ina umeme, uipeleke kwenye nyaya unazotaka kugusa, ukapime fezi zote tatu na nyutro na ardhi, kisha uirudishe kwenye ile soketi ya kwanza uone bado inafanya kazi. Mita iliyokufa katikati ya safari nayo husoma sifuri. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa cha rangi ya chungwa, ambayo kila fundi wa mtaani anayo mfukoni, iache kwa kazi za nyumbani. Kitaa chake kinakosa kuonekana penye jua, na fundi aliyesimama juu ya mbao kavu huenda asikione kabisa huku waya una umeme.

Nawasikia wenye karakana ndogo wakisema haya ni ya viwanda vya sukari na saruji. Hapana. Mwenye kinu kimoja cha kusaga anaweza kuyafanya yote kwa bei ya kufuli la dukani. Kama swichi yako haina tundu la kufuli, fyuzi zinatoka: zitoe, ziweke mfukoni, funga kisanduku. Kama mashine ni ya plagi, chomoa plagi, ifungie kwenye kopo la plastiki lenye tundu na kufuli, au iweke mahali unapoiona muda wote. Breka ndogo zina vibano vyake vya kuwekea kufuli, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Anayenunua swichi mpya aombe yenye tundu la kufuli tangu mwanzo. Gharama kubwa kwa kweli ni muda, na hapo mwenye mali ndiye wa kuamua. Wateja wamepanga foleni na madebe yao ya mahindi, kinu kimeziba, na kijana anajua akizima kwa dakika ishirini atasemwa. Ukimsema siku hiyo, umeshamfundisha kuingiza mkono mashine ikizunguka, hata kama ukutani umebandika onyo.

Kijana naye ana haki yake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu asiadhibiwe, na tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa ile ya msingi ya shirika hilo. Kumwambia tajiri "siingii mpaka nifunge" si utovu wa adabu. Iseme kwa heshima, iseme mbele ya watu.

Limebaki swali ambalo huulizwa kila ninapozungumza na mafundi: mwenye kufuli ameenda nyumbani na ufunguo, mashine inatakiwa, tufanyeje? Msikate upesi. Kwanza mtafuteni ndani ya kiwanda chote, chooni na kantini, kwa sababu inawezekana hajaenda popote, yumo ndani ya mashine. Mpigieni simu. Msimamizi mmoja aliyeteuliwa kwa kazi hiyo aikague mashine kwa macho yake, ndani na nje, kisha ndiye akate kufuli na kuandika jina lake, saa na sababu. Mwenye kufuli aambiwe kabla hajagusa mashine hiyo tena, maana yeye bado anaamini imefungwa. Funguo za ziada za makufuli hayo zisiwepo ofisini kabisa. Kama zipo leo, zitafutwe zote na ziharibiwe kabla ya kununua tagi hata moja.